Vidonge vya Msiba

Nilikuwa nameza vidonge ili niweze kupika uji kwenye misiba ya watu. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo wengine hapa Ifakara wanaofanya hivyo hivyo, na wanaficha kama nilivyoficha mimi. Kama wewe ni mmoja wao, soma. Kama ulikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakinisema, soma pia, huenda ukajiona.

Jina langu ni Leokadia, Mama Gervas. Naishi na mume wangu, anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Watoto wameshaondoka. Tulikuwa na mama yangu mzazi, niliyemtoa kijijini Masagati alipoanza kusahau kufunga mlango. Nilimpandisha pikipiki hadi Mlimba, kisha treni hadi hapa, na safari nzima alinilaumu kwa kumuachisha migomba yake. Mkumbuke huyo mama, kwa sababu yote niliyoyafanya, ya akili na ya ujinga, niliyafanya kwa ajili ya maziko yake.

Ugonjwa ulianza msimu wa kupalilia. Niliamka asubuhi vidole vimekakamaa, na maungio yake yamevimba na yana moto. Mkono wa kulia na wa kushoto vilevile, kisha vifundo vya mikono, kisha nyayo kwa mbele, pale unapokanyagia. Nikasema ni jembe. Hili ndilo kosa letu watu wa bondeni: kila kinachouma tunakitupia jembe, au maji ya majaruba ya mpunga, na tunaahidiana kwamba tukishavuna kitaisha. Tukavuna. Mpunga ukaingia ndani, jembe likatundikwa, na mimi bado nilikuwa nafungua mlango kwa kiwiko.

Lakini kilichonikera si maumivu, ni saa zake. Saa kumi na moja alfajiri sikuweza kushika hata kikombe. Saa mbili nilikuwa bado nimekaa kitandani nikichua vidole. Ikifika saa tano hivi, mikono inaanza kulegea, na mchana mtu akinikuta ninatwanga, mzima kabisa. Sasa nani atakuamini?

"Wewe unaumwa kwa ratiba," mume wangu aliniambia. "Hata treni haina ratiba kama ugonjwa wako."

Niliumia kwa maneno yale kuliko kwa vidole. Baba Gervas si mtu mbaya, lakini mwaka ule alikuwa mbaya kwangu na sitampamba. Alikuwa akitoka kwenda mashineni bila chai, anabamiza mlango makusudi ili nijue hakunywa.

Aliyeniamini ni mama. Kila asubuhi nilikwenda chumbani kwake, nikakaa ukingoni mwa kitanda, naye akanifunga vifungo vya blauzi. Bibi wa miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu, anapapasa kifungo kimoja kimoja na kuniambia nisimame wima. Nilikuwa na wajukuu tayari. Aibu niliyoiona asubuhi za kwanza sitaisahau, baadaye nikaizoea.

Sasa nieleze habari ya misiba, kwa msomaji asiye wa huku. Hapa kwetu unazikwa na majirani. Mtu akifa, wanawake wa mtaa na wa jumuiya ya kanisa wanaingia kwenye nyumba ile kabla ya jua. Wanachota maji, wanakoka moto, wanapika uji, wanachambua mchele, wanasonga ugali kwenye sufuria ambayo mtoto anaweza kuoga ndani. Asiyekuja kwa wenzake anahesabiwa kimya kimya, na siku yake ikifika anaachwa. Nilishaona kwa macho yangu: mfiwa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa na tabia ya kutuma salamu tu, alipika mwenyewe uji wa msiba wa mumewe huku analia. Wanawake walikuwa wamekaa majumbani mwao wanasikiliza. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ndiyo, hata mimi.

Kwa hiyo nilijua. Nina mama mzee ndani, hana mtoto mwingine, na siku yake haiko mbali. Nikikosa misiba ya watu, nani atakuja kumpikia mama yangu?

Nilianza kufika saa tano. Nikifika, Mama Skola ananipokea. Huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, mjane, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa anakaa mkekani katikati ya wenzake, miguu ameinyoosha, na anasema bila kunitazama, "Mwacheni apite. Mama Gervas huwa anatoka na jua." Wanawake wanacheka. Nami nacheka, kwa sababu nisipocheka itakuwa nimenuna, na kununa msibani ni kosa jingine.

Kanisani ilikuwa vilevile. Padri akisema tupeane amani, mimi nilikuwa naficha mikono ndani ya kanga na kuinamisha kichwa. Wakasema naringa, sishikani mikono na watu. Mama Skola akavuka benchi zima kunifuata, akauchomoa mkono wangu na kuuminya. Nilitaka kumpiga, ndani ya kanisa, Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga.

Ndipo nikaingia kwenye duka moja la dawa, nisilitaje. Kijana wa pale hakuniuliza hata jina. Nilimwonyesha mikono, akahesabu vidonge vya aina tatu, akaviviringisha kwenye karatasi, akasema, "Mama, hivi kesho unacheza ngoma." Na kweli. Nilimeza jioni, alfajiri nikaamka vidole vinafunguka. Nilikaa kitandani nikifumba na kufumbua mikono kama mwendawazimu. Siku ile kulikuwa na msiba upande wa sokoni. Nilifika kabla ya Mama Skola, nikakoka moto mimi mwenyewe, na alipoingia akanikuta nakoroga uji. Akaenda kukaa mkekani, na mimi nikafurahi kupita kiasi.

Basi nikavifanya kuwa vidonge vya msiba. Nikisikia fulani amefariki, kabla hata sijasema pole, nauliza moyoni kama karatasi yangu bado ina kitu. Nikaanza kuweka akiba chini ya godoro. Mvua zikaja, na wakati wa mvua huku watu wanakufa, malaria, vichanga, wazee. Misiba ikafuatana na mimi nikawa nameza kila siku. Uso ukavimba, mashavu yakawa mviringo, macho yakawa madogo. Tumbo liliniwaka moto. Mkono ukigongwa kidogo na mlango unabaki na doa jeusi wiki nzima. Na Mama Skola, ambaye siku zote alisema sina ugonjwa, sasa akapata ushahidi.

"Jamani, huyu ndiye mgonjwa? Mashavu yote haya?"

Mama yangu ndiye aliyegundua. Alikuwa haoni vizuri, lakini vidole vyake viliona. Asubuhi moja alikuwa ananifunga vifungo, kwa sababu mwisho wa yote hata vidonge vilikuwa havitoshi tena, akaishia katikati.

"Blauzi imekuwa ndogo. Unakula nini wewe?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na kwa nini. Akanikasirikia kama bado ni mtoto.

"Unajiua ili mimi nipikiwe uji? Nitaunywa mimi huo uji? Nikifa, chimbeni shimo mniweke. Hajawahi mtu kubaki juu ya ardhi kwa sababu wapishi hawakuja."

Wiki ile ilikuwa Jumatano ya Majivu. Sasa sikiliza ujinga wangu mwingine, na huu ndio uliotaka kuniua. Kila mtu huacha kitu Kwaresima. Wengine pombe, wengine nyama. Mimi nikajiambia vidonge vile ni uongo, ninawadanganya watu kwa kujifanya mzima, basi Kwaresima hii naviacha. Nikapakwa majivu, nikarudi nyumbani, nikatupa karatasi zote chooni. Niliona nimefanya jambo takatifu.

Siku ya tatu sikuweza kuinua kichwa. Nilitapika hadi maji, mwili ukalegea wote, na viungo vikarudi na hasira ya miezi yote niliyovinyamazisha. Magoti yalijaa. Taya lilikataa kufunguka. Mume wangu alinikuta sakafuni kati ya kitanda na mlango. Alinibeba hadi kwenye bajaji, na njia nzima alikuwa anarudia, "Kwa nini hukusema, kwa nini hukusema." Nilikuwa nimesema mwaka mzima. Sikuwa na nguvu ya kumkumbusha.

Hospitali daktari aliuliza nilikuwa nameza nini. Nikamjibu kwamba nimefunga. Akaacha kuandika.

"Umefunga nini, mama?"

"Vidonge. Ni Kwaresima."

Alinitazama, akamtazama muuguzi, kisha akaongea taratibu sana. Dawa zile, alisema, hazikutakiwa kumezwa hivyo, na mtu aliyekwisha kuzizoea haziachi siku moja, hupunguziwa kidogo kidogo na daktari. Wewe unayesoma, kama una karatasi chini ya godoro, usitupe na usiendelee. Ichukue hivyo ilivyo uende nayo hospitali, uiweke mezani. Watakufokea kidogo. Vumilia.

Nililazwa, nikatoka, nikaanza maisha ya kliniki ya Alhamisi. Benchi la pale nalijua kuliko benchi la kanisa. Unafika saa moja, daktari anaingia anapojisikia, na benchi halina pa kuegemea, kana kwamba aliyelitengeneza hajawahi kuumwa mgongo. Nilikuwa nalichukia. Lakini pale ndipo nilipojua kwamba ugonjwa wa viungo si mmoja.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Mzee Saidi, aliyestaafu kukata miwa. Yeye alikuwa na gauti. Inamjia ghafla kwenye kidole gumba cha mguu, kinakuwa chekundu, kinang'aa, wiki moja au mbili hakanyagi, kisha inaondoka anasahau mpaka siku nyingine.

"Hata shuka ikigusa naona nyota," alisema. "Mke wangu akipita karibu na kitanda namfukuza."

"Anaondoka?"

"Anakaa hapo hapo na kunicheka. Anasema ni mbuzi wa watu niliowala."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Kulikuwa pia na mama mmoja kutoka Sanje, mwenye magoti mabovu. Yake yalikuwa yamesagika kwa miaka ya kubeba ndizi. Asubuhi anakakamaa dakika chache tu, anaondoka vizuri, ila kadiri siku inavyokwenda yanauma zaidi, na jioni ngazi moja inamtoa machozi. Wangu ulikuwa kinyume. Ndiyo maana daktari, kila mgonjwa mpya akikaa, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Asubuhi au jioni?" Wangu aliuita baridi yabisi. Akasema si jembe, si maji ya majaruba, wala sikuulaza mkono kwenye baridi. Ni mwili wenyewe umeyageuka maungio yake. Kwa nini, hakujua, na nilimheshimu kwa kukiri.

Nikapewa dawa ya kumeza mara moja tu kwa wiki, nikachagua Jumapili. Jumatatu zangu zote zilikuwa za kichefuchefu. Kiangazi kikapita hivyo. Uso ukaanza kunywea, nikawa na sura yangu tena, na watu wakasema nimekonda, nina jambo. Mvua za kwanza zilipokuja, kukakamaa kulikuwa kumepungua. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshapinda na vimebaki hivyo. Mume wangu alinunua kitasa cha kusukuma kwa kiwiko, akakifunga mwenyewe, na kuanzia hapo akawa anakunywa chai aliyojipikia.

Lakini misibani nilirudi kuwa wa saa tano. Sikuwa na vidonge vya kunisimamisha alfajiri, na sikuvitaka. Nilifika saa tano na kubaki hadi jioni, naosha sufuria wenzangu wakiwa wameshachoka. Nilimweleza Mama Skola ugonjwa wangu, nikamwonyesha hadi kadi ya kliniki.

"Wote tunaumwa, Mama Gervas," alinijibu. "Ila wengine tunaamka."

Mama alifariki msimu wa mavuno. Niliingia chumbani kwake asubuhi na blauzi wazi, kama kawaida, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kusubiri mikono yake. Haikuja. Nilimgusa, alikuwa amepoa. Nikabaki nimekaa pale na vifungo vyangu, sijui kwa muda gani, mpaka mume wangu alipokuja kuniita. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akapiga magoti mbele yangu akanifunga kifungo cha kwanza hadi cha mwisho. Alikosea kimoja. Nilimzika mama yangu nimevaa blauzi ile ile iliyokaa upande, na sikutaka mtu airekebishe.

Taarifa ilitolewa. Wanaume walikuja, turubai likafungwa, kaburi likaanza kuchimbwa. Wanawake wa jumuiya hawakuja. Kesho yake, siku ya maziko, saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeamka, nasikiliza kama kuna mtu anaburuza ndoo. Kimya. Mikono yangu ilikuwa imefumba. Nilijaribu kukoka moto, kiberiti kikanidondoka mara tatu. Hofu yangu ya miaka yote ilikuwa imekaa nami pale jikoni.

Mume wangu akaingia, na nyuma yake mwenzake wa mashineni. Alichukua kanga yangu kwenye kamba, akaifunga kiunoni juu ya suruali.

"Kaa hapo," alisema. "Niambie maji kiasi gani."

Wanaume wawili wakapika uji wa msiba wa mama yangu. Ulikuwa na mabonge. Wazee walioko turubaini waliunywa wakiutazama sana, lakini waliunywa.

Wanawake walifika saa tano. Waliingia pamoja, kumi na kitu, kanga safi, Mama Skola mbele. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya wote kusikia:

"Tumekuja saa zako, Mama Gervas."

Nilikuwa nimemaliza machozi, na hasira ilikuwa nyingi mno kutoka mdomoni. Wakakaa kwenye mikeka.

Alasiri jeneza likatolewa. Watu wote wakasimama. Nilikuwa nyuma ya jeneza, nikamwona Mama Skola akiweka kiganja chini, akiinuka nusu, akirudi. Akajaribu tena kwa kugeukia upande. Mkono wake ulikuwa unatafuta ukuta. Wenzake walikuwa wanatazama jeneza. Na mimi, ambaye nimekaa mwaka mzima kwenye benchi la Alhamisi, nilielewa kabla hajajaribu mara ya tatu. Nikakumbuka miguu ile anayoinyoosha siku zote, wakati wenzake wamekunja. Yule mwanamke alikuwa na magoti mabovu, na alikuwa anayaficha kama mimi nilivyoficha karatasi, kwa sababu mwanamke anayekaa kwenye kiti msibani anasemwa, na msemaji mkuu alikuwa yeye.

Nikaenda turubaini kwa wanaume, nikaingiza kiwiko kwenye mgongo wa kiti cha plastiki, nikakileta hadi mkekani, nikakiweka mbele yake. Watu waligeuka. Sitasema nilifanya kwa upendo. Nilitaka waone. Nilitaka kila aliyenicheka amwone akikitazama kile kiti.

"Shika hapa ujiinue," nikamwambia.

Alinitazama kwa chuki ya wazi. Kisha akashika kiti, mimi nikamwingizia mkono wangu kwapani, akainuka. Sikioni mwake nikauliza, "Asubuhi au jioni?"

Alitazama kwanza kama wenzake wanasikia.

"Jioni," alisema. "Miaka minne sasa."

"Basi si kama wangu. Kliniki ni Alhamisi. Usinunue dawa za karatasi."

Tukamfuata mama yangu. Nilitembea polepole kwa ajili ya nyayo zangu na yeye kwa ajili ya magoti yake, kwa hiyo tulifika kaburini wa mwisho, wawili, na watu wakatuachia njia. Mama alizikwa vizuri. Hakubaki juu ya ardhi.

Hatukuwa marafiki, msidhani. Msiba uliofuata nilifika saa tano kama kawaida yangu, nikamkuta amekaa kwenye kiti anachambua mchele. Hakusema kitu kuhusu jua. Alhamisi ya wiki ile niliingia kliniki na kukuta benchi limejaa, na yeye yuko mwishoni, kadi mpya mapajani. Aliniona. Akatazama dirishani kitambo, kama hanijui.

Kisha akasogea. Sikumshukuru. Nilikaa.